Kungoja Tabora na Kungoja Mizani



Msimu unakaribia, na kama ada ya kila msimu limezuka tena lile neno la vituo vyetu vya kupimia. Je, kituo kikae wazi mchana kutwa hata kikiwa hakina mtu, au kifungwe mara tu mwanachama wa mwisho anapoondoka, kisha kifunguliwe akitokea mwingine? Wapo wanaosema kwamba karani anayekaa bure ni fedha inayomwagika. Wapo wanaojibu kwamba mwanachama anayekaa njiani na magunia yake, wingu la mvua likimtazama, naye ni fedha inayomwagika, ila fedha hiyo haiandikwi katika daftari lolote. Sisi tu pamoja na hawa wa pili, lakini si katika kila wanalolisema, na hapa tutaeleza sababu zetu.

Ili jambo lenyewe lionekane wazi, twawaomba wasomaji waiache mikarafuu kidogo, wavuke bahari hadi Bagamoyo, kisha waifuate ile njia kongwe ya misafara mpaka Tabora. Huko ndiko mahali ambapo kungoja kulijulikana na kila msafiri, na sababu ya kungoja ikaonekana kwa macho. Wala Tabora si ugenini kwetu. Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, alizaliwa Unguja, baba yake akakaa Tabora, na yeye mwenyewe alikuwa na mashamba ya karafuu hapa Unguja, alikofariki mwaka 1905. Wanyamwezi nao walivuka kuja visiwani kufanya kazi mashambani mwetu. Na mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila ile ile waliyopimia wazee wetu karafuu: frasila 2 hivi kwa mtu mmoja, yaani kama kilo 32.

Katika karne ya 19 Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa ndiyo njia panda ya bara. Njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda kutoka pwani. Pembe za ndovu ziliteremka. Na tusifiche: waliteremka pia binadamu wenzetu waliotiwa utumwani. Mbung'o waliwaua punda na ng'ombe, basi karibu kila kitu kilichukuliwa kwa mabega na vichwa vya watu, na wengi katika hao walikuwa Wanyamwezi, watu walioifanya kazi ya upagazi kuwa ufundi na fahari.

Sasa, msafara ulipofika Tabora, mara nyingi mambo yalisimama. Wapagazi walioajiriwa pwani walikuwa wamekwisha safari yao, na wengi walikuwa wamefika kwao. Walilipwa, wakatawanyika vijijini. Mwenye mali aliyetaka kuendelea mbele ilimbidi aanze upya: atafute watu, apatane nao ujira, agawe mizigo, angoje mpaka watimie.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Tabora, waliyoiita Kazeh, tarehe 7 Novemba. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliwapokea vizuri, hasa Snay bin Amir. Hata hivyo walikaa pale mpaka Desemba, kwa kuwa wapagazi wao walikuwa wametawanyika na wengine hawakupatikana kwa wepesi: mvua zilikuwa zimefika na watu wanataka kulima. Speke aliporudi mwaka 1861 pamoja na James Grant, hali ilikuwa mbaya zaidi. Palikuwa na njaa, na vita kati ya Waarabu na mtemi Mnywa Sele, na wiki nyingi zilipotea kwa kutafuta watu wa kubeba mizigo.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha David Livingstone. Yeye na Henry Stanley walifika Unyanyembe Februari 1872, wakakaa katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, na Livingstone akabaki kungoja wapagazi watakaotumwa kutoka huko. Nchi ilikuwa katika vita vya Mirambo, na watu wa kuajiriwa pale pale hawakupatikana. Stanley alifika Bagamoyo Mei; wakatafutwa watu 57; wakapanda bara kwa miguu; wakafika Kwihara tarehe 14 Agosti. Tarehe 25 Agosti msafara ukaondoka. Basi fikirini, ndugu wasomaji: miezi mitano kamili ya kungoja, na walipofika wale watu, siku 11 tu zilitosha kujitayarisha na kushika njia. Kungoja huko hakukuletwa na uzito wa miguu ya wapagazi. Kulikuja kwa sababu hapakuwa na watu tayari, na kuwaweka tayari kulihitaji safari ya kwenda pwani na kurudi.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame. Mtu akiona foleni ndefu, aghlabu husema, "Mfanyakazi huyu ni mzito." Pengine ni kweli. Lakini upo ungojaji wa namna ya pili, ambao hautokani na uzito wa kazi, bali na muda wa kuianzisha kazi iliyokwisha simamishwa. Wa kwanza hutibiwa kwa kuongeza kasi. Wa pili hautibiwi kwa kasi hata kidogo.

Je, viongozi wa misafara walikuwa wajinga kuwaachia watu wao? La. Mpagazi aliyekaa bila kutembea alitaka posho kila siku, na posho ya watu 100 kwa miezi miwili ni mali nyingi. Wala mpagazi mwenyewe hakutaka kukaa bure. Alikuwa na shamba lake na watoto wake. Kuachia watu kulikuwa na maana. Swali lilikuwa waachiwe lini, wangapi wabakizwe, na kuwakusanya tena kutachukua muda gani. Na juu ya hilo la mwisho, jibu halikujulikana mbele: huenda wiki mbili, huenda miezi mitatu. Huko kutojulikana kulikuwa na gharama yake, kama tutakavyoona.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, misafara ya wapagazi katika njia hiyo ilikwisha. Lakini tatizo lenyewe halikwisha, lilihamia ndani ya gari la moshi. Injini ya mvuke iliyopoa haiondoki kwa kupigwa filimbi. Huchukua saa kadhaa kuchemsha maji hata mvuke upate nguvu. Kwa hivyo injini iliyotarajiwa kuondoka tena karibuni haikuzimwa: moto wake ulipunguzwa na kutunzwa, kama mama anavyofukia kaa katika majivu usiku ili asubuhi asiende kuomba moto kwa jirani. Moto huo ulikula kuni au makaa, ni kweli. Lakini ulikula kidogo kuliko hasara ya treni iliyosimama.

Elimu ya foleni ina watu wake. Agner Krarup Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen aliiandikia hesabu mwaka 1909, akitafuta mtu anayepiga simu atangoja kiasi gani. Mwaka 1963 M. Yadin na P. Naor walichapa hesabu ya kituo kinachoweza kufungwa na kufunguliwa. Mwaka 1964 P. D. Welch akachapa hesabu ya foleni ambayo mtu wa kwanza, anayekikuta kituo kimelala, hutumia muda zaidi kuliko wenziwe. Na katika miaka ya 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, miongoni mwao Mor Harchol-Balter na Anshul Gandhi, waliichunguza habari hiyo katika seva, yaani zile kompyuta zinazopangwa mamia kwa maelfu kuhudumia watu wa mbali. Seva isiyo na kazi hula umeme. Ikizimwa, huchukua muda kuamka. Ni posho na mpagazi tena, katika vazi jipya.

Jambo ambalo hesabu hizo zafundisha, na ambalo jicho halilioni upesi, ni hili: muda wa kufungua kituo haulipwi na yule wa kwanza peke yake. Wakati yeye anangoja mlango ufunguliwe, wa pili na wa tatu wanafika nyuma yake, na deni lake linawaangukia wao pia. Ikiwa muda wa kufungua ni ule ule siku zote, basi wastani wa kungoja huongezeka kwa kiasi kisichopungua nusu ya muda huo, na wakati watu ni wachache hukaribia muda wote mzima. Na ikiwa muda wa kufungua haujulikani, leo nusu saa, kesho saa tatu, nyongeza huwa kubwa zaidi hata kama wastani wa muda wenyewe haukubadilika. Ndiyo maana Tabora iliumiza: si kwa urefu wa kungoja tu, ni kwa sababu urefu wenyewe haukuwa na kipimo.

Sasa turudi kisiwani, tutie hesabu hiyo katika kituo chetu. Tuseme, kwa mfano tu, wanachama 4 wanafika kwa saa, kila mmoja kwa wakati wake bila mpango. Tuseme kupima mzigo wa mmoja ni dakika 5. Na tuseme kufungua kituo kilichofungwa huchukua saa 1: karani aitwe kwake, ufunguo utafutwe, mizani isawazishwe na kujaribiwa kwa mawe, daftari na sanduku la fedha viletwe na mlinzi wake.

Kituo kikiwa wazi daima, mwanachama atangoja kwa wastani dakika 1 na robo kabla ya kupimiwa. Kikifungwa kila kinapokosa mtu, wastani wapanda hadi dakika 37. Karani ni yule yule, mizani ni ile ile, wanachama ni wale wale. Amri ya kufunga peke yake imeleta tofauti hiyo.

Atatokea mwenye busara aseme, "Basi tununue mizani mpya yenye kasi maradufu." Tumeipiga hesabu hiyo pia. Kupima kukishuka kutoka dakika 5 hadi dakika 2 na nusu, na amri ya kufunga ikabaki, wastani wa kungoja washuka kutoka dakika 37 hadi dakika 36. Fedha yote ya mizani mpya imenunua dakika 1!

Lakini karani akiambiwa, "Mtu wa mwisho akiondoka, usifunge papo hapo, kaa nusu saa kwanza," wastani washuka hadi dakika 17. Akiambiwa akae saa nzima, washuka hadi dakika 4 na kidogo. Kwa nini faida kubwa hivyo? Kwa sababu watu wakija 4 kwa saa, zaidi ya mara 8 katika 10 mwingine atatokea kabla ya hiyo nusu saa kwisha, na kituo kitakuwa hakikufungwa kabisa. Hii ndiyo ile kaa ndani ya majivu.

Wapo pia wenye shauri jingine: kituo kisifunguliwe mpaka wakusanyike watu 10, ili safari ya karani iwe na maana. Shauri hili lina sura ya uchumi mzuri, lakini litazameni vyema. Kwa watu 4 kwa saa, hata kama kituo kingefunguka papo hapo bila kupoteza dakika moja, kuwakusanya 10 huongeza wastani wa kungoja kwa saa 1 na zaidi ya dakika 7. Na wa kwanza kufika, ambaye pengine aliamka alfajiri kuliko wote, ndiye anayengoja zaidi. Stanley, alipopanda kutoka Bagamoyo mwaka 1871, hakuwangoja wapagazi wake wote watimie. Aliugawa msafara wake katika makundi matano, na kundi lililokuwa tayari likatangulia. Tunaweza kumlaumu Stanley kwa mengi, ila katika hili hesabu iko upande wake.

Tukubali sasa haki ya wanaopinga. Kituo cha wazi kina gharama, na gharama hiyo ni ya chama, yaani ni yetu sote. Aidha siku za kilele cha msimu maneno haya yote hayana kazi, maana kituo hakikosi watu hata dakika, na amri ya kufunga haipati nafasi. Tunazungumza juu ya mwanzo wa msimu na mwisho wake, na zile wiki za katikati ambapo mvua imekatiza uanikaji. Na ikiwa wanafika watu wachache sana, tuseme mmoja kwa saa 4, kukaa saa moja zaidi hakusaidii sana. Mara nyingi atakayefuata atakuta kufuli. Hapo dawa ni kutangaza siku na saa za kupima, watu wajue kabla hawajapakia.

Lakini kuna jambo moja hatulikubali. Hesabu ya akiba inayosomwa katika mikutano yetu husema, "Tumeokoa mshahara wa saa kadhaa." Haisemi wanachama wamepoteza saa ngapi. Akiba huingia katika daftari la chama. Kungoja hubaki kwa mkulima, na karafuu zake kavu zilizonyeshewa njiani, zikashika unyevu, zikashuka daraja, hubaki kwake pia. Kuhamisha gharama kutoka mahali inapoonekana hadi mahali isipoonekana si kuiokoa.

Na upande wa pili wa mizani tuseme ukweli vile vile. Utayari ni kazi, na kazi hulipwa. Visiwani mwetu, kabla ya hali ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, mwenye shamba hakuwa na haja ya kuuliza gharama ya mikono iliyokaa tayari. Gharama ile ilibebwa na mtumwa. Wapagazi wa Unyamwezi walioajiriwa walijua kuidai posho yao hata siku msafara usipotembea, na walikuwa na haki. Basi tukimwambia karani na mchukuzi wakae saa moja zaidi, saa hiyo waandikiwe na walipwe. Hatutaki kumpunguzia mwanachama kungoja kwa kumkopa mfanyakazi jasho lake.

Kwa hayo, tunaweka mbele ya Kamati mashauri matano.

La kwanza: siku za kawaida za msimu, kituo kisifungwe ila baada ya saa 1 kupita tangu mwanachama wa mwisho kuondoka, na saa hiyo ilipwe.

La pili: muda wa kufungua upunguzwe na uwe wa kujulikana. Ufunguo ukae karibu na kituo, si nyumbani kwa mtu. Mizani isawazishwe na daftari litayarishwe jioni kwa ajili ya kesho. Dakika tunayoiondoa katika kufungua ina thamani kuliko dakika tunayoiondoa katika kupima.

La tatu: ile desturi ya kungoja wakusanyike watu kadha iachwe.

La nne: pale vituo viwili vilipo karibu, wakati wa uchache wa watu kimoja kikae wazi kwa niaba ya vyote viwili, na ijulikane ni kipi. Kituo kimoja chenye watu wa pande mbili hakilali ovyo. Na kikiwa na mizani mbili, anayengoja ya pili itayarishwe huenda akahudumiwa na ya kwanza iliyokwisha kazi. Hata katika seva imeonekana kwamba madhara ya kuzima na kuwasha hupungua zinapokuwa nyingi zikishirikiana.

La tano, nalo ni rahisi kuliko yote: daftari la kituo liwe na safu mbili zaidi, saa aliyofika mwanachama na saa aliyopimiwa. Mwisho wa msimu tutajua kwa yakini tumeokoa nini na nani amelipa.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na walisema pia akiba haiozi. Twaona maneno hayo mawili hayapingani. Akiba iliyo bora kwa kituo ni mtu mmoja aliye tayari, taa yake inawaka, mizani yake imesawazishwa, na mshahara wake umeandikwa. Tunaiomba Kamati iyatie mashauri haya katika ajenda kabla gunia la kwanza halijafika mlangoni.